Peptidi ya shaba: kidonda ndo kilifanya kazi, uso ndo unauziwa

Siku hizi ukipita kwenye kurasa za wauza vipodozi, wawe wa Kariakoo au wale wa "natoa oda Korea", lazima ukutane na kile kichupa chenye maji ya bluu iliyokolea, bluu ya mrututu kabisa, na chini yake maelezo kwamba hii ndo peptidi ya shaba (peptidi ni kipande kifupi cha protini), inarudisha kolajeni (zile nyuzi za protini zinazoikaza ngozi), inafuta makunyanzi, inaondoa makovu, inaotesha nywele, na kwa wale waliochangamka zaidi inatibu mpaka mapafu. Famasi napo watu wanakuja na skrinishoti wanauliza mnayo au hamna. Alafu kuna wa gym, ambao wao wameshavuka hatua ya kupaka, wanajichoma sindano.

Msimamo wangu nausema mapema tusichoshane. Hicho kitu kipo kweli, kimechunguzwa na watu wanaojua kazi yao tangu miaka ya 70, na kuna sababu nzuri za kuamini kwamba kina kazi kwenye kuponya nyama iliyoumia. Ninachokataa ni namna ushahidi unavyohamishwa. Utafiti uliofanywa kwenye seli na kwenye vidonda vya panya na vya miguu ya wagonjwa wa kisukari unachukuliwa, unafutwa vumbi, unawekwa kwenye tangazo la uso wa mtu wa miaka 28 ambaye hana kidonda chochote. Na vile vidonda vyenyewe, vilivyokuwa vinahitaji msaada, vikaachwa njiani.

Tuanze na asili yake, maana ina vituko. Mwaka 1973 mwanasayansi wa Marekani anaitwa Loren Pickart alikuwa anahangaika na ini. Alichoona ni kwamba kuna kitu kidogo ndani ya damu ya binadamu kinachofanya seli za ini zikae hai muda mrefu zaidi kwenye maabara, na akakifuata mpaka akakuta ni peptidi ya asidi amino (vile vijenzi vya protini) tatu tu, glisini, histidini na lisini, ambayo alama yake ni K, ndo maana kifupi chake ni GHK. Tatu tu! Kolajeni yenyewe mnyororo wake mmoja una asidi amino kama elfu moja, kwa hiyo unaongelea kitu kidogo mno. Yeye na mwenzake Thaler wakatoa makala, na mimi ningependa kila anayeuza hii kitu asome walau kichwa cha hiyo makala, kwa sababu kichwa chenyewe kinasema kwamba peptidi hii inarefusha uhai wa seli za ini za kawaida na inachochea ukuaji wa ini lenye uvimbe wa saratani. Yaani sentensi moja imebeba habari njema na habari ya kukufanya ukae chini ufikiri, na miaka hamsini baadaye wauzaji wanasoma nusu ya kwanza peke yake.

Ilipofika 1980 timu ya Pickart ikaeleza kwenye jarida la Nature kwamba huenda siri ya GHK ni kushika shaba na kuisaidia iingie kwenye seli. Hapo ndo jina GHK-Cu lilipopatia mkia wake, Cu ni alama ya shaba, na hapo ndo bluu inapotoka. Shaba ikishikwa vizuri na zile naitrojeni za glisini na histidini inatoa rangi hiyo, hakuna cha rangi ya kuongeza, au tuseme haitakiwi kuwepo.

Sasa kwa nini shaba? Wengi wakisikia madini ya mwilini wanawaza chuma na damu, au zinki, shaba hakuna anayeikumbuka. Na mwili wa mtu mzima una shaba kidogo sana, kama gramu 0.1 hivi. Lakini kuna kimeng'enya kinaitwa lisili oksidesi ambacho bila shaba hakifanyi kazi kabisa, na kazi yake ni kuunganisha nyuzi za kolajeni na elastini moja kwa nyingine. Umeshaona fundi anavyofunga nondo kwa ile waya nyembamba kabla ya kumwaga zege? Nondo unaweza kuwa nazo nyingi tu, ila kama hazijafungwa ukizikanyaga zinasambaa. Kolajeni bila lisili oksidesi ndo hivyo, ipo lakini haibebi mzigo. Kidonda kinaweza kuonekana kimeziba alafu mtu akijinyoosha kinafunguka.

Ushahidi wa hili haujatoka kwa wauza seramu, umetoka kwenye jambo la kusikitisha. Mwaka 1962 daktari John Menkes alieleza ugonjwa wa watoto wachanga wa kiume watano wa familia moja, watoto walikuwa wanadhoofika, wanapata degedege, wanakufa wadogo, na nywele zao zilikuwa za ajabu, zimesokotana, zimepauka, zinakatika ukizigusa. Miaka kumi watu hawajui tatizo ni nini. Mwaka 1972 daktari David Danks wa Melbourne, Australia, ndo akagundua kwamba zile nywele zinafanana na sufu ya kondoo waliochungiwa kwenye ardhi isiyo na shaba, maana wafugaji wa kule walikuwa wanalijua hilo tatizo siku nyingi tu. Akapima shaba kwenye damu ya wale watoto, akakuta iko chini sana. Hawa watoto mishipa yao ya damu inapindapinda na kulegea, ngozi inakuwa tepetepe, vyote kwa sababu ile kazi ya kufunga nyuzi haifanyiki. Na wakiwahiwa mapema, moja ya matibabu wanayopewa ni sindano za shaba iliyoshikwa na histidini. Histidini hiyo hiyo iliyopo katikati ya GHK. Kwa hiyo mtu akisema peptidi ya kushika shaba haina msingi wowote wa kisayansi, huyo naye hajasoma.

Na ukirudi kwetu, wazee wa pwani walikuwa wanaweka mrututu kwenye donda, na mrututu ni salfeti ya shaba. Ilikuwa inachoma vibaya, inaua vijidudu pamoja na nyama nzima iliyokuwa pembeni. Tofauti ya shaba tupu na shaba iliyoshikwa na peptidi iko hapo: shaba ikiachiwa ovyo inazalisha zile kemikali kali zinazounguza seli, ikishikwa vizuri inapelekwa mahali bila kuunguza njiani. Ndo maana watu wa sayansi walivutiwa na GHK, ilionekana ni namna ya upole ya kupeleka shaba.

Kisha wakaja Wafaransa wa Reims, kina Maquart. Mwaka 1988 walichukua fibroblasti, yaani zile seli zinazotengeneza kolajeni, wakazimwagia GHK-Cu, uzalishaji wa kolajeni ukapanda. Mwaka 1993 wakaenda kwa panya, wakaweka vijumba vidogo vya waya chini ya ngozi ili nyama mpya iote mle ndani waipime, na vile vilivyopewa GHK-Cu vikajaa nyama nyingi zaidi, protini zaidi, kolajeni zaidi. Hii ni kazi safi, mimi sina neno nayo. Watafiti wengine wakaonyesha kwamba GHK imo ndani ya protini kubwa za mwili, imo kwenye kolajeni aina ya kwanza, imo kwenye protini inaitwa SPARC, kwa hiyo wazo likajengeka kwamba nyama ikiumia, vimeng'enya vinakatakata hizo protini, vipande vya GHK vinaachiwa pale pale kwenye jeraha, vinadaka shaba, vinaita seli zije zijenge na mishipa mipya ya damu iote. Ni wazo zuri sana. Kama ndivyo mwili unavyofanya basi kidonda chenyewe kinajitengenezea tangazo la kuita mafundi.

Lakini sasa tupige hesabu, na hii hesabu sijaona tangazo lolote limeipiga.

Wauzaji wote wana sentensi moja ya kukutisha: ukiwa na miaka 20 damu yako ina GHK nanogramu 200 kwa mililita, ukifika 60 inashuka mpaka 80, kwa hiyo unazeeka kwa sababu imepungua, kwa hiyo nunua. Namba hizo zinatoka kwa Pickart mwenyewe na tuzikubali zilivyo. Uzito wa molekuli ya GHK ni kama 340. Ukigawanya, 200 inakuwa karibu nanomola 590 kwa lita (hiki ni kipimo cha kuhesabu molekuli badala ya uzito), na 80 inakuwa karibu nanomola 235. Sasa rudi kwenye ile kazi ya Reims ya 1988. Fibroblasti zao zilianza kuitikia kwenye kiwango kidogo cha ajabu, pikomola kadhaa (pikomola elfu ndo nanomola moja), na zikafika kileleni kwenye nanomola 1. Moja! Yaani bibi wa miaka 60, kwa namba za muuzaji mwenyewe, ana GHK kwenye damu zaidi ya mara mia mbili ya kile kiwango ambacho seli zilikuwa zimesharidhika nacho. Upungufu uko wapi hapo? Unaweza kunijibu kwamba kwenye damu siyo GHK yote imeshika shaba, kwamba albumini, protini kubwa ya damu, nayo inagombea hiyo shaba, kwamba damu siyo sawa na ndani ya ngozi, na yote hayo ni majibu ya haki, ila ukishayasema umeshakubali kwamba ile hadithi ya "ilikuwa 200 sasa 80" haitoshi peke yake kuelezea kitu chochote.

Na upande wa pili wa hesabu hiyo hiyo ni kichupa. Seramu ya asilimia 1 ina gramu 10 kwenye lita, na peptidi ikiwa imeshika shaba uzito wake unakaribia 403, kwa hiyo unapata kama milimola 25, ambayo ni mara milioni 25 ya ile nanomola moja. Kwa nini wanaweka nyingi hivyo? Jibu la kweli ni kwamba karibu yote haiingii. Ngozi isiyo na jeraha ina tabaka la juu la seli zilizokufa na mafuta, na GHK-Cu ni kitu kinachopenda maji na chenye chaji, kwa hiyo hata kama ni kidogo kwa umbo, mafuta yanaikataa. Inapita kiasi fulani, sisemi haipiti kabisa, ila hakuna anayejua vizuri usoni kwako wewe inapita ngapi na inafika wapi.

Kidonda ni habari nyingine, kidonda hakina hilo tabaka. Mlango uko wazi. Ndo maana mahali pa kuijaribu hii kitu kihalali palikuwa kwenye kidonda, na walijaribu, na hapa ndo naomba msomaji atulie na mimi kidogo.

Jaribio la kwanza lilitoka 1992, lilihusu vidonda vya miguu vinavyotokana na mishipa ya vena iliyochoka, vile vidonda vya kifundoni ambavyo sisi tukiviona tunaita kidonda ndugu. Wagonjwa 86, wakagawanywa kwa bahati nasibu mafungu matatu. Fungu moja lilipewa krimu ya peptidi ya shaba ya asilimia 0.4, fungu lingine krimu ya silva salfadiazini ya asilimia 1, ambayo ni ile krimu nyeupe tunayowapa watu walioungua, ipo famasi yoyote mtaani, na fungu la tatu krimu tupu isiyo na dawa. Aliyekuwa anapima vidonda hakujua nani kapewa nini. Matokeo: silva ilipunguza ukubwa wa kidonda kwa asilimia 44. Krimu tupu asilimia 22.5. Peptidi ya shaba asilimia 18.7.

Soma tena hizo namba. Peptidi iko nyuma ya krimu tupu. Tofauti yao ni ndogo, huwezi kusema peptidi ilidhuru, ila huwezi kusema ilisaidia pia. (Na silva nayo tusiipambe, kwenye majeraha ya moto tafiti za baadaye hazikuifurahia, kuna dresingi zinazoishinda.)

Jaribio la pili ni la 1994, kina Mulder, vidonda vya wagonjwa wa kisukari. Hapa gel ya peptidi ilipakwa mara tu baada ya daktari kukata na kuondoa nyama yote iliyokufa, na wagonjwa wote walipata huduma ya kawaida ya kueleweka. Kwenye vidonda vya unyayoni, eneo lililoziba kwa mgonjwa wa katikati, ukiwapanga kwa foleni, lilikuwa asilimia 98.5 kwa waliopewa peptidi na asilimia 60.8 kwa waliopewa gel tupu. Hii ni tofauti ya kushangilia! Na hii ndo namba inayonukuliwa kila mahali. Ya 1992 hutaiona kwenye tangazo lolote, na siwezi kusema nashangaa.

Kwa hiyo tuna jaribio moja limekataa na moja limekubali, vidonda vya aina mbili tofauti, na lile lililokubali limekubali mahali ambapo kidonda kilisafishwa vizuri kwanza. Mimi naona hilo la kusafisha siyo jambo dogo. Kidonda sugu kimejaa vimeng'enya vinavyokatakata protini usiku na mchana, ukikimwagia kapeptidi ka asidi amino tatu bila kuondoa uchafu, hako kapeptidi maisha yake ni mafupi mno, kinakatwa kabla hakijaita fundi yeyote. Hiyo ni fikra yangu, ila inaelezea kwa nini maabara inaimba na wodi inanyamaza.

Alafu angalia ile asilimia 60.8. Hao ni watu waliopakwa gel tupu! Kidonda kilichosafishwa, kikafungwa vizuri, kikaangaliwa na mtu anayejua, kimeziba zaidi ya nusu bila shaba yoyote. Hiyo namba mimi naipenda kuliko ile 98.5, kwa sababu inaweza kupatikana zahanati.

Baada ya hapo ilikuwaje? Kampuni iliyokuwa inasukuma hiyo gel ilikuwa ProCyte ya jimbo la Washington, ambayo Pickart mwenyewe aliianzisha. Dawa ya kidonda haikutokea. Mpaka leo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijawahi kuidhinisha GHK-Cu kama dawa ya kuponya vidonda. ProCyte ikageukia bidhaa za ngozi na za kutunza kichwa baada ya kupandikiza nywele, na mwaka 2005 ikanunuliwa na kampuni nyingine, PhotoMedex. Sababu ni rahisi kuielewa hata kama hakuna aliyeitamka: dawa inatakiwa ithibitishe kwamba inaponya, kipodozi kinatakiwa kisidhuru na kipendeze. Mgonjwa wa kidonda ndugu mara nyingi ni mzee asiye na hela, mnunuzi wa seramu ana simu mpya. Pesa ilijua njia.

Upande wa uso ushahidi ni mwembamba kuliko tangazo linavyosema. Utafiti unaotajwa sana, wa wanawake 71 waliopaka krimu ya uso wiki 12 wakaonekana ngozi imekaza na makunyanzi yamepungua, uliwasilishwa kwenye mkutano wa madaktari wa ngozi mwaka 2002, na muhtasari wa mkutano ni muhtasari tu, huwezi kuuliza maswali karatasi isiyo na kurasa. Kuna mwingine wa kupaka pajani, krimu ya GHK-Cu ikilinganishwa na ya vitamini C na ya asidi retinoiki (dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A), kolajeni ikaongezeka kwa asilimia 70 ya waliotumia peptidi, 50 ya vitamini C na 40 ya retinoiki. Inavutia, ila washiriki walikuwa wachache mno, na retinoiki ina miongo ya tafiti nyingine nyuma yake ambazo peptidi haina. Ninaouamini zaidi ni wa 2006, wagonjwa 13 waliochomwa uso kwa leza ya kaboni dioksidi, ambayo inaacha ngozi mbichi kabisa, yaani hapa lile tabaka la kuzuia halipo. Wataalamu walipopima wekundu na makunyanzi hawakukuta tofauti ya maana kati ya waliopewa peptidi ya shaba na wasiopewa. Ila wagonjwa wenyewe waliopewa peptidi walisema wamependa zaidi ngozi yao. Sasa hapo kila mtu achukue anachotaka. Mimi naona kama mtu amefurahi siyo kitu cha kudharau, lakini pia kolajeni haipimwi kwa furaha.

Kuna jambo la vitendo naliona kila siku na linaniumiza kwa sababu watu wametoa hela yao. Mtu ananunua seramu ya bluu, anaichanganya kiganjani na vitamini C kali ile ya asidi askobiki, anapaka zote pamoja. Vitamini C inaibadilisha ile shaba hali yake ya kemikali, peptidi haiishiki tena kama mwanzo, unaweza hata kuona bluu inapotea mkononi mwako. Asidi za kuchubua nazo vile vile, ukiteremsha pH sana, yaani uchachu ukizidi, histidini inaiachia shaba. Kwa hiyo huyo mtu amelipia molekuli iliyoshikiliwa vizuri alafu kaivunja mwenyewe bafuni kabla ya kulala. Kama umeshanunua na unataka kutumia, basi moja asubuhi nyingine usiku, na kichupa kikigeuka kijani au kahawia kitupe. Na kama rangi ya bluu imeandikwa kwenye orodha ya viambato kama rangi, hapo tena unajua umenunua nini.

Ile ya "inarekebisha jeni elfu nne" nitaipita haraka. Inatoka kwenye hifadhi ya data ya taasisi ya Broad ya Marekani ambako seli zilimwagiwa kemikali nyingi ili waone jeni gani zinapanda na zipi zinashuka. Seli zilizotumika kwa GHK ni za saratani, ya tezi dume na ya matiti, seli za kwenye sahani. Ni data nzuri ya kuanzia swali, na imesaidia kweli, mwaka 2012 watafiti wa ugonjwa wa mapafu wa emfisema waliona GHK inageuza mwelekeo wa baadhi ya jeni zilizoharibika kwenye mapafu hayo. Ila kutoka hapo mpaka kumwambia mtu anayekohoa Mbagala ajichome, jamani, huko ni mbali.

Maana wanajichoma kweli. Vichupa vya unga mkavu vya bluu, vimeandikwa kwa matumizi ya utafiti tu, mtu anaongeza maji ya sindano mwenyewe chumbani anajidunga tumboni, wengine wanachanganya na BPC-157 na TB-500, peptidi nyingine za kujidunga, mchanganyiko una jina lake kabisa, unaitwa GLOW. Mwaka 2023 FDA iliiweka GHK-Cu ya sindano kwenye kundi la vitu vyenye mashaka makubwa ya usalama kwa famasi zinazotengeneza dawa za kuchanganya, hofu ikiwemo mwili kuishambulia peptidi pamoja na uchafu unaobaki wakati wa kuitengeneza. Mimi hofu yangu ya kwanza ni ya kawaida zaidi, kwamba hakuna aliyepima kilichomo mle ndani, wala kama ni safi ya kuingia kwenye damu. Ya pili ni ile nusu ya kichwa cha makala ya 1973. Kitu kinachoita mishipa mipya ya damu kinaiita kwa ajili ya kidonda na kwa ajili ya uvimbe pia, hakichagui. Kuna madaktari wa saratani ambao wamejaribu kufanya kinyume kabisa, kuwapa wagonjwa dawa inaitwa tetrathiomolibdeti ili kuishusha shaba mwilini uvimbe ukose mishipa. Sisemi seramu ya uso inaleta saratani, hakuna anayeweza kusema hivyo, nasema mtu mwenye historia ya saratani asijichome kitu ambacho kazi yake inayosifiwa ni kuchochea ukuaji.

Nirudi kwenye mguu, maana kwangu ndo sehemu yenye uzito. Tanzania hii tuna watu wanapoteza miguu kwa kisukari kila mwaka, na hadithi inafanana: ganzi, kandambili, msumari au moto wa jiko ambao hakuusikia, kidonda kidogo, majani, asali, mwezi unapita, harufu, ndo anapelekwa hospitali. Dr Zulfiqarali Abbas, daktari wa kisukari wa Dar es Salaam, ameandika juu ya hili miaka mingi, na ule mradi wa Step by Step ulioanzia Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa unafundisha daktari na nesi wakiwa wawili wawili vitu vya kawaida mno: kugusa unyayo kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10 kuona kama mgonjwa anausikia, kukata sugu, kusafisha kidonda mpaka kwenye nyama hai, kumwondolea uzito mguu usikanyagwe. Hakuna peptidi humo, na ni kazi ya aina ile ile iliyoleta asilimia 60.8 kwa gel tupu.

Lakini pia sitaki kuifukia GHK, maana ile tofauti kati ya 60.8 na 98.5 bado ipo pale inasubiri mtu airudie. Hati miliki za zamani za molekuli yenyewe zimeshapitwa na muda, kuitengeneza ni rahisi kwa maabara yoyote ya peptidi, asidi amino tatu siyo kitu. Kinachokosekana ni jaribio kubwa la wazi, kliniki za kisukari kadhaa, kila mgonjwa anasafishwa kidonda na kupewa kiatu cha kupunguza uzito, nusu gel tupu nusu gel yenye shaba, wapimaji hawajui nani ni nani, na unahesabu vidonda vilivyoziba kabisa na miguu iliyobaki, siyo asilimia ya eneo. Na lifanyike kwa wagonjwa wa kwetu, ambao wanakuja wamechelewa na vidonda vyao vina maambukizi, kwa sababu matokeo ya mgonjwa wa Marekani aliyewahi kliniki hayatuambii kitu kuhusu huyu wa wiki ya tano.

Mpaka hapo, anayeniuliza kaunta kuhusu kidonda cha mama yake namuuliza mimi kwanza: sukari yake ya leo ngapi, anavaa viatu gani, na nani alikisafisha mara ya mwisho. Anayeniuliza kuhusu uso namwambia jua, na mafuta ya kuzuia jua, alafu kama hela imebaki na bluu inampendeza, apake tu.